Ndoto Usingizini: Chanzo Chake, Maana Yake na Mipaka ya Ushuhuda Wake

Kila mchungaji aliyekaa usharikani kwa muda huletewa ndoto. Mjane amemwota marehemu mumewe akiomba shuka, kwa kuwa huko aliko kuna baridi. Kijana ameota amesimama madhabahuni amevaa joho, naye anauliza kama huo ndio wito. Mama ameota jirani yake akimkaba koo usiku, na asubuhi mtoto wake ameamka na homa. Habari ya kwanza yahitaji faraja na ya pili yahitaji subira, lakini ya tatu yaweza kumwaga damu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho yao yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni yakahesabiwa kuwa ushahidi. Tuhuma kama hizo hazianzi na panga. Huanza na maneno, na mara nyingi miongoni mwa maneno hayo huwamo haya: "Nimemwona usiku."

Makala hii inakusudia kueleza yale ambayo wataalamu wa usingizi wamekwisha kuyathibitisha juu ya ndoto, kisha kuyaweka mbele ya Maandiko Matakatifu na mapokeo yetu ya Kilutheri. Swali linalotuongoza ni moja: ndoto yaweza kumshuhudia nani? Vyuo vyetu hutufundisha habari za Yusufu mbele ya Farao, na pengine habari kidogo za Freud. Yaliyogunduliwa baada ya Freud hatuyasikii sana, nayo ndiyo yenye msaada mkubwa kwa mchungaji wa kijijini.

Yatokeayo katika ubongo

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 watu wengi walidhani kwamba usingizi ni kuzimika tu kwa akili, kama taa inavyozimwa. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha habari za umeme hafifu alioupima juu ya fuvu la kichwa cha binadamu, na kwa njia hiyo ikawezekana kuuchunguza ubongo wa mtu aliyelala bila kumwamsha. Ugunduzi mkubwa ulikuja mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwanafunzi mmoja, Eugene Aserinsky, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwalimu wake Nathaniel Kleitman, alitumia mtambo mkuukuu kupima mwendo wa macho ya watu waliolala, mwanawe wa miaka minane akiwa miongoni mwao. Aliona kwamba kwa vipindi fulani vya usiku macho yaliyofumbwa hukimbia huku na huku, na umeme wa ubongo hufanana na wa mtu aliye macho. Walipowaamsha watu katika vipindi hivyo mara 27, mara 20 walisimulia ndoto kwa kinaganaga. Walipowaamsha macho yakiwa yametulia mara 23, mara 19 hawakukumbuka lolote.

Tangu hapo imejulikana kwamba usingizi una hatua zake, nazo hurudiwa kwa mzunguko wa dakika 90 hivi, mara nne au tano kwa usiku mmoja. Usingizi wa macho yaendayo mbio huchukua robo au humusi ya usiku wa mtu mzima, na sehemu yake kubwa huangukia alfajiri. Kwa mtoto mchanga huchukua kama nusu ya usingizi wote. Mfaransa Michel Jouvet wa Lyon, akiwachunguza paka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha jambo jingine la ajabu: katika hatua hiyo misuli ya mwili hulegezwa kabisa kwa amri itokayo sehemu ya chini ya ubongo. Anayeota anakimbia hakimbii, kwa sababu mwili wake umefungwa. Ni rehema iliyo wazi, maana bila kifungo hicho tungalitenda kitandani kila tunachokiota. Wapo wagonjwa ambao kifungo hicho kimelegea, mara nyingi wanaume wazee, nao huwapiga wake zao usingizini bila kujua. Hali hiyo, iliyoelezwa na waganga wa Marekani mwaka 1986, ni ugonjwa wa neva, na yeyote aliye nayo apelekwe hospitali, kwa kuwa mara nyingi hutangulia ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson.

Yatupasa kusahihisha hapa jambo ambalo vitabu vya zamani vililieleza kwa wepesi mno. Ndoto hazipatikani katika hatua ile moja peke yake. Watu walioamshwa katika hatua nyingine nao husimulia ndoto, ingawa kwa kawaida huwa fupi na tulivu zaidi. Mwaka 1997 Mark Solms, mtaalamu wa Afrika Kusini, alionyesha kwa kuwachunguza wagonjwa waliojeruhiwa ubongo kwamba mtu aweza kupoteza uwezo wa kuota huku usingizi wa macho yaendayo mbio ukibaki mzima. Basi hatua ile ya usingizi na ndoto yenyewe ni vitu viwili vinavyokutana mara nyingi, wala si kitu kimoja.

Miaka hiyohiyo ya 1990 mitambo ya kupiga picha za ubongo ilitumika kwa watu waliolala. Ilionekana kwamba wakati wa usingizi wa macho yaendayo mbio, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na hisia kali hufanya kazi kwa nguvu, ilhali sehemu za mbele, zile zinazopima, kulinganisha na kutilia shaka, hupunguza kazi yake. Msomaji atafakari neno hili, kwa kuwa uzito wa jambo letu umo humu. Ndani ya ndoto hofu ni hofu ya kweli; moyo hudunda na jasho hutoka. Lakini yule hakimu wa ndani ambaye mchana huuliza, "Je, yawezekana?" hayupo barazani. Marehemu huketi mezani na hatushangai, na mtu mwenye uso wa jirani yetu husema kwa sauti ya shangazi yetu nasi hatuoni kasoro. Tunapoamka, hofu hubaki, na kwa kuwa ilikuwa ya kweli twadhani na chanzo chake kilikuwa cha kweli.

Je, vitu vya kujengea ndoto hutoka wapi? Hutoka katika ghala ya mwotaji mwenyewe. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio lenye kufundisha sana. Waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, wakaucheza kwa siku kadhaa. Walipoanza kusinzia, wengi waliona vipande vile vikianguka mbele ya macho yao. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wasioweza hata kukumbuka kwamba waliwahi kuuona mchezo huo; baadhi yao nao waliviona vipande vilevile, bila kujua ni nini wala vimetoka wapi. Basi ubongo huweka akiba ya mambo ambayo mwenyewe hana habari nayo, kisha huyaleta usiku kana kwamba yametoka kwa mgeni. Mtu asemaye, "Sikuwa nikimfikiria kabisa, kwa hiyo ni yeye aliyenijia," anasema kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, lakini hitimisho lake halifuati.

Ni vema pia kujua kwamba ndoto hukumbukwa hasa na yule aliyeamka katikati yake. Mtu mwenye usingizi mzito huota kama wengine lakini husahau. Mgonjwa, mfiwa, mama anyonyeshaye, mwenye deni na mwenye hofu huamka mara nyingi, na hivyo hukusanya ndoto nyingi za kusimulia. Anayekuja kwetu na wingi wa ndoto huenda anatuambia kwanza kwamba halali vizuri.

Jinamizi

Katika mambo yote ya usiku hakuna linalozaa tuhuma kama jinamizi. Mtu huamka, huona chumba chake na mwanga wa dirishani, lakini hawezi kuinua hata kidole wala kutoa sauti. Huhisi uzito kifuani, husikia hatua, huona umbo limesimama karibu au limemkalia. Baada ya sekunde kadhaa au dakika chache hali hiyo huisha ghafla. Watu wa mataifa mengi wamelipa jambo hili majina na kulitungia hadithi, na kwa lugha yetu neno jinamizi limekuwapo zamani.

Maelezo yake yamekwisha kudokezwa hapo juu. Akili imeamka kabla ya kifungo cha misuli kufunguliwa. Macho yanaona chumba halisi, lakini ndoto bado inaendelea na kumwaga picha zake ndani ya chumba hicho. Misuli ya kifua imelegea, ndiyo maana pumzi huonekana nzito. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba watu wapatao 8 katika kila 100 hupatwa na hali hii walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi idadi ilifikia 28 katika kila 100, jambo ambalo wasomaji wetu wa bwenini hawatalishangaa. Huchochewa na kukosa usingizi, kulala saa zisizo na utaratibu kama walinzi na wauguzi wa zamu, mahangaiko, na kulala chali.

Madhara ya kutolifahamu jambo hili tuliyaona pwani yetu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika pwani ya bara. Watu walisimulia jinsi walivyoshambuliwa usiku vitandani na kiumbe kisichoweza kupingwa, wakawa wanalala nje kwa makundi kando ya moto. Watafiti waliochambua masimulizi hayo wameona ndani yake alama zote za jinamizi: kukosa nguvu, uzito, sauti kukatika. Wala hofu ile haikubaki hofu tu. Mjini Zanzibar mtu asiye na hatia aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Alilipa kwa uhai wake kwa jambo lililotokea ndani ya vichwa vya watu wengine waliolala.

Aidha dawa nazo huleta ndoto. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa UKIMWI nchini mwetu na kwa jirani zetu walitumia efavirenzi, dawa iliyookoa maisha ya watu wengi sana lakini yenye kuleta ndoto kali na za kutisha, hasa majuma ya kwanza. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza, nayo haina adha hiyo kwa kiasi kile, ingawa huweza kusumbua usingizi. Meflokwini ya malaria na baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia zajulikana kwa ndoto mbaya. Mlevi aachapo pombe ghafla huota kwa wingi na kwa ukali, kwa kuwa pombe ilikuwa imeubana usingizi wa macho yaendayo mbio. Homa kali hufanya vivyo hivyo. Mchungaji asiyejua haya aweza kumwombea mgonjwa atolewe pepo, naye mgonjwa akaacha vidonge akidhani vimefungua mlango wa mashetani. Swali, "Je, umeanza dawa yoyote karibuni?" halipunguzi imani ya mtu yeyote.

Wafasiri wa karne iliyopita

Sigmund Freud, katika kitabu chake kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1899, alidai kwamba ndoto ni tamaa iliyofichwa inayojivika mavazi ili ipite kwa mlinzi. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley walikwenda upande wa pili kabisa: kwao ndoto ni jitihada ya ubongo kutengeneza hadithi kutokana na msukumo usio na mpangilio unaotoka sehemu zake za chini. Wengi leo husimama katikati. Ndoto haina ufunguo wa siri, lakini si takataka pia, kwa sababu hadithi huundwa kwa hofu, upendo na kumbukumbu za mwotaji.

Carl Jung, mwana wa mchungaji wa Uswisi, anatuhusu kwa sababu nyingine. Alifika Mlima Elgon katika safari yake ya miaka 1925 na 1926, akamwuliza mzee mmoja aliyekuwa mganga wa watu wake juu ya ndoto. Mzee alijibu kwa huzuni kwamba zamani waganga waliota, wakajua habari za vita, magonjwa na mvua. Lakini tangu Wazungu walipokuja ndoto zimekoma, na hazihitajiki tena, kwa kuwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza anajua kila kitu. Jung aliona hapo kuvunjika kwa moyo wa watu. Mimi naona jambo la pili pia. Mzee yule alijua vema kwamba ndoto inayotangazwa hadharani ni suala la mamlaka: nani ana haki ya kuwaambia wengine la kufanya. Kanisa lililorithi nafasi ya mkuu wa wilaya kwa kudhihaki ndoto zote limezipeleka tu mahali pengine, kwa waganga na kwa manabii wa mitaani, ambako hazidhihakiwi.

Ushuhuda wa Maandiko

Hatuwezi kusema kwamba Mungu hasemi kwa ndoto, kwa maana amesema. Yakobo huko Betheli, Sulemani huko Gibeoni, na Yusufu mume wa Mariamu hawawezi kuondolewa katika Biblia. Hata hivyo Maandiko yenyewe yana tahadhari zaidi ya wasomaji wake wengi. Mhubiri asema ndoto huja kutokana na wingi wa shughuli (Mhu. 5:3), nalo ndilo jambo ambalo majaribio yamelithibitisha. Isaya ajua kwamba mwenye njaa huota anakula (Isa. 29:8). Torati yaamuru kwamba mwotaji ambaye ishara yake imetimia asisikilizwe iwapo anawavuta watu kwa miungu mingine (Kum. 13:1-5), yaani hata kutimia kwa ndoto si uthibitisho. Yeremia alinganisha ndoto na Neno la Bwana kama makapi na ngano (Yer. 23:28). Katika Agano Jipya neno la Kiyunani la ndoto ya usingizini, onar, linapatikana katika Mathayo tu, mara sita.

Lakini nataka tuangalie jambo ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha. Katika Maandiko ndoto kwa kawaida humhusu mwotaji mwenyewe, au taifa lake na kazi aliyopewa. Mwokaji wa Farao aliota kifo chake mwenyewe. Nebukadreza aliota kushushwa kwake mwenyewe. Abimeleki aliambiwa dhambi iliyokuwa mlangoni mwake yeye, na Labani alizuiliwa asimtendee Yakobo ubaya. Mke wa Pilato aliteswa katika ndoto kwa ajili ya mtu mwenye haki, naye alituma ujumbe wa kumtetea. Kweli, Yusufu alionywa katika ndoto kwamba Herode anamtafuta mtoto. Lakini alilolifanya ni kuondoka usiku kwenda Misri, wala hakukusanya watu wamwendee Herode.

Yuko mtu mmoja aliyetumia maono ya usiku dhidi ya jirani anayeteseka, naye ni Elifazi Mtemani. Alimweleza Ayubu jinsi hofu ilivyomshika usiku, nywele zikamsimama, roho ikapita mbele ya uso wake na sauti ikasema (Ayu. 4:12-21). Hakuna simulizi ya jinamizi iliyo kamili zaidi katika Biblia nzima. Juu ya msingi huo Elifazi na wenzake wakajenga hoja yao kwamba Ayubu ni mwenye hatia. Mwisho wa kitabu Bwana anamwambia Elifazi kwa jina kwamba ghadhabu yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa, na Ayubu ndiye anayewaombea (Ayu. 42:7-9).

Luther na wenye ndoto

Luther alilikabili suala hili katika hatari halisi. Mwishoni mwa mwaka 1521, alipokuwa amefichwa Wartburg, watu watatu kutoka Zwickau waliingia Wittenberg wakidai kwamba Mungu husema nao moja kwa moja. Melanchthon alifadhaika, na ghasia za miezi ile zilimlazimu Luther kurudi Machi 1522. Julai 1524 Thomas Müntzer alihubiri mbele ya watawala huko Allstedt juu ya Danieli sura ya 2, akiwataka wapokee ndoto na maono kama ufunuo kwa siku zile, na wawaangamize waovu kwa upanga. Haki itendeke: Müntzer alikiri kwamba ziko ndoto za uongo, na alisukumwa na mateso ya wakulima. Lakini mahali ambapo ndoto na upanga vilikutana katika hotuba moja hapana budi tupaangalie.

Ndiyo sababu Makala za Smalkald, zilizoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1537, zashikilia katika sehemu ya tatu kwamba Mungu hampi mtu Roho wake ila kwa Neno la nje litanguliayo. Na katika mafundisho yake juu ya kitabu cha Mwanzo, alipoeleza ndoto za Yusufu, Luther alisema amepatana na Bwana asimletee maono wala ndoto wala malaika, kwa kuwa Maandiko yamtosha. Hakukanusha kwamba Mungu aweza kutuma ndoto. Alikataa kuzitegemea. Yafaa kuongeza kwamba Walutheri wa baadaye hawakuwa na kiasi chake: mwaka 1617, katika jubilei ya miaka 100 ya matengenezo, ilienezwa picha ya ndoto ya Mteule Frederick, aliyeonyeshwa akimwota mtawa aandikaye mlangoni kwa kalamu ndefu iliyofika hadi Rumi. Habari hiyo ni hekaya. Sisi pia tumewahi kutunga ndoto tulipozihitaji.

Katika chumba cha mchungaji

Anayeleta ndoto asikilizwe hadi mwisho, bila kuchekwa na bila kufasiriwa. Kisha aulizwe analalaje, anatumia dawa gani, amefiwa na nani, ana ugomvi na nani. Mara nyingi ndoto hufungua kinywa kwa habari ambayo mshiriki asingeisema vinginevyo, na hapo ndipo uchungaji huanza. Mjane anayemwota mumewe akiona baridi aambiwe kwamba wafiwa wengi huwaota wapendwa wao, na kwamba usiku huo ni upendo wake mwenyewe ulioendelea kutafuta kazi ya kufanya. Hadaiwi tambiko. Anaweza kwenda na mchungaji kaburini, wakasoma Zaburi pamoja. Kijana aliyeota joho asizuiliwe wala asisukumwe, maana kwa Ungamo la Augsburg, makala ya 14, wito wa kuhudumu hutolewa na kanisa hadharani, nalo litampima kwa mwenendo wake na masomo yake.

Lakini ndoto ikileta jina la jirani, mchungaji atangulize Amri ya Nane kabla ya swali lolote, na aseme wazi: uliyemwona usiku hakuwapo. Ubongo wako ulimvika mtu uso huo, na hofu yako ikaamini. Jina hilo lisitajwe katika mkutano wa maombi, lisipelekwe kwa wazee wa kanisa kama "jambo la kuchunguza," wala mchungaji asilirudie nyumbani kwake. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati apimwe malaria siku hiyohiyo. Tena ikiwa mchungaji aona kwamba jina limekwisha kuenea kijijini, aende kwa mtuhumiwa mchana, watu wakiona, aketi mlangoni pake na kunywa chai yake.

Kwa walio na jinamizi la mara kwa mara, walale kwa ubavu, wafuate saa moja ya kulala, wapunguze kahawa na pombe, na waelezwe kinachotokea, kwa kuwa maelezo peke yake huwaondolea wengi nusu ya hofu. Wapewe pia ile sala ya jioni iliyomo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, inayoomba malaika mtakatifu awe pamoja nasi ili yule adui mwovu asiwe na uwezo juu yetu, ambayo baada yake Luther aagiza mtu alale mara moja kwa furaha. Vijana wetu wa kipaimara huzikariri Amri Kumi na maelezo yake, lakini wengi humaliza mafundisho bila kuijua sala hiyo. Ifundishwe katika somo la kwanza.